Wimbo wa Namkunda Si Wangu

Iko siku moja inayokataa kunitoka kichwani, mwanangu, na kila ikinijia nakasirika upya kana kwamba ni ya jana. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, nimesimama mbele ya ubao katika chumba cha mazoezi ya kwaya, hapa hapa kwetu milimani, chaki mkononi. Mwalimu wa kwaya aliniuliza swali moja dogo. Nikalijibu vibaya. Kwa sababu ya jibu lile nimeishi na wimbo usio wangu kwa zaidi ya miaka hamsini, na mwaka huu tumemzika mwenye wimbo.

Usinitazame hivyo. Najua umezoea kuniona nacheka nje ya kanisa na kuwagawia watoto peremende. Leo sicheki. Nimekuita ukae hapa, wewe unayeimba sauti ya pili siku hizi, kwa sababu nina hasira na sijui niipeleke wapi. Nina hasira na mchungaji, nina hasira na kijana wenu Eliya mpiga video, nina hasira na wazee wa kanisa ambao wengi wao wameshakufa na hawawezi tena kunijibu. Lakini kuliko wote hao, nina hasira na msichana yule aliyeshika chaki.

Basi sikiliza. Namkunda na mimi tulikua pamoja. Yeye aliacha shule darasa la nne ili amtunze babu yake, ambaye hakuwa na mtu mwingine. Mimi nikasoma mpaka darasa la saba, na huko nikajifunza kuandika nota za do re mi. Ndiyo tofauti yetu yote. Namkunda alikuwa na nyimbo na hakujua kuziandika. Mimi nilijua kuandika na sikuwa na wimbo hata mmoja. Ninyi mnaniita mtunzi, mnanisimamisha mbele za wageni, na mimi katika maisha yangu sijawahi kutunga hata wimbo wa kumbembeleza mtoto alale. Watoto wangu niliwabembeleza kwa nyimbo za Namkunda.

Mwaka ule mvua zilikuja kwa fujo, ukingo wa ndiva ukabomoka. Ninyi mnaofungua bomba na maji yakatoka mtaniuliza ndiva ni nini. Ni bwawa la udongo na mawe walilojenga wazee wetu kukinga maji ya mlimani, yafunguliwe kwa zamu, leo shamba la huyu, kesho la yule. Babu yake Namkunda ndiye aliyekuwa mtunza ndiva yetu. Ukingo ukibomoka hakuna maharage wala mahindi, kiangazi kikija ni njaa. Kwa hiyo baragumu lilipigwa, watu wote wakatoka kwenda msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kwetu Mpare mwenye akili zake haikwepi.

Tulijipanga mstari kutoka korongoni mpaka kwenye ukingo, tukipokezana mawe mkono kwa mkono. Ilipofika saa nane watu walikuwa wamechoka, mvua inanyunya, mstari umekuwa mzito, na wanaume wawili wameanza kugombana juu ya jiwe lililoanguka. Ndipo Namkunda akaanza kuimba. "Bwana, shika ukingo, mikono yetu imechoka." Mstari mmoja, jiwe moja. Tukaitikia. Jiwe likapita. Aliimba matope yakiwa magotini, macho yako kazini. Hakuinua mikono wala kulegeza shingo kama mnavyofanya ninyi mbele ya kamera. Alikuwa anamwomba Mungu kitu alichokihitaji jioni ile ile. Ukingo ulisimama kabla jua halijazama.

Baada ya kazi wazee walichinja mbuzi pale ndivani kama ilivyokuwa desturi, na babu akasema maneno ya kale aliyoyarithi kwa babu zake. Namkunda alikoroga sufuria la nyama. Nani mwingine angekoroga? Babu alikuwa mzee na mikono inatetemeka. Wiki iliyofuata Namkunda akaitwa ofisi ya usharika, akaambiwa ameshiriki tambiko, akawekwa chini ya marudi miezi sita. Haruhusiwi meza ya Bwana, haruhusiwi kwaya, akae benchi la nyuma.

Mwanangu, mzee wa kanisa aliyemshtaki alikuwa na migomba inayonyweshwa na maji ya ndiva ile ile. Na nyama ya mbuzi yule alikula. Nilimwona kwa macho yangu haya, alipelekewa kwake kwenye jani la mgomba, akapokea, akafunga mlango. Ningeweza kusema. Nilikaa kimya, msichana mwenye adabu, na watu wakanisifu kwa adabu hiyo. Siku hizi nikisikia binti anasifiwa kwamba hana maneno, natamani kumwuliza ameona nini akakinyamazia.

Namkunda hakukosa ibada hata Jumapili moja. Miezi yote sita alikaa benchi la nyuma na kuimba sauti ya pili taratibu, peke yake, sisi tukiimba mbele. Wengine wakitengwa hupita njia ya mbali wasikutane na mchungaji. Yeye alifika wa kwanza, akafagia. Nilimwuliza mara moja kama hana kinyongo, akaniambia, "Nimetengwa na wazee. Mungu hajaniambia neno."

Katika miezi hiyo hiyo tukapata habari kwamba kutakuwa na mashindano ya kwaya kule Same mjini, na kila kwaya iende na wimbo mpya. Mwalimu wa kwaya akatuambia tutafute. Nikaenda kwa Namkunda. Nikamkuta uani anachambua maharage ya makande kwenye ungo. Nikamwambia, ule wimbo wa mawe, hebu uendeleze. Akauendeleza. Siku nne mfululizo nilikwenda na daftari langu, yeye anachambua maharage au anamenya tangawizi, na beti zikawa zinatoka. Sauti zote nne alinitolea yeye, moja baada ya nyingine. Besi aliiimba kwa kukaza kidevu kifuani mpaka tukacheka machozi yakatutoka, na babu akauliza kutoka ndani kama kuna fahali ameingia uani. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika. Nilipokosea alinisahihisha, yeye asiyejua nota, kwa kuniambia, "Hapo umenipandisha juu, nishushe."

Ndipo ikaja siku ile ya chaki. Niliandika wimbo wote ubaoni, kwaya ikaujaribu mpaka mwisho. Mwalimu alivua miwani akaifuta.

"Nani katunga?" akauliza.

Jibu lilikuwa neno moja. Lakini nilijua nikilitaja jina la Namkunda ataniambia wimbo wa mtu aliye chini ya marudi hauimbwi, na tena umetoka ndivani. Nikaogopa wimbo utakataliwa. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya wakati ule, kwamba nauokoa wimbo.

"Nimeandika mimi, mwalimu."

"Umeandika wewe, basi ni wako. Weka jina lako hapo chini."

Nikaliweka. Nilijiambia miezi sita ikiisha nitalifuta na kuandika la kwake.

Tulikwenda Same, tukaimba katika lile joto la kule chini, jasho linatutiririka ndani ya majoho, tukawa wa kwanza. Watu nisiowajua walinishika mkono. Mchungaji mmoja mgeni aliniambia Mungu amenipa kipawa. Na ilikuwa tamu, nisikufiche. Kwa utamu ule nikaona miezi sita si muda mrefu, tena hata ikizidi kidogo si neno. Jioni nilikwenda kwa Namkunda kumpa habari, na hakuniuliza habari ya jina. Aliniuliza, "Besi waliiweza?" Nikamwambia waliiweza. Akapiga makofi.

Babu yake ndiye aliyeniita pembeni. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo katikati ya magoti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Mjukuu wangu," akasema, "mimi kanisani kwenu siingii, na nyimbo zenu sizijui. Najua maji. Kuna watu hufungulia maji kwenye zamu ya mwenzao. Inatokea. Mtu shamba lake linakauka, anashindwa kuvumilia. Mimi nikimjua simfuati siku ya kwanza. Nampa mpaka kesho yake aje mwenyewe aseme, atoe mbuzi wake, yaishe. Asipokuja kesho yake, najua hatakuja. Kwa sababu mahindi yake yameshaanza kupendeza, na kila akiyatazama anaona ni jasho lake."

Nikamwambia, "Nitasema, babu."

"Lini?"

Nikasema marudi yakiisha. Alinitazama, akatikisa kichwa, akaniambia niende nikale. Hakunitajia tena habari hiyo mpaka anakufa. Hilo ndilo karipio nililopewa, mwanangu, na halikuwa na hata neno moja la matusi. Ningepigwa viboko ningeshasahau.

Miezi sita iliisha. Namkunda alisimamishwa mbele ya usharika akatubu dhambi ya kukoroga nyama ya babu yake, akarudishwa kwaya, sauti ya pili, mstari wa nyuma. Na mimi je? Nilikuwa nimeshachaguliwa msaidizi wa mwalimu wa kwaya kwa ajili ya wimbo ule ule, na miaka mitatu baadaye nikawa mwalimu mwenyewe. Kwa hiyo mimi ndiye niliyesimama mbele nikinyoosha mikono, na yeye ndiye aliyeimba, na kila sikukuu ya mavuno tuliimba wimbo wake likitajwa jina langu. Miaka zaidi ya hamsini, hebu fikiri. Alikuwa akinitazama usoni na kufuata mkono wangu.

Wale tuliopokezana nao mawe walikuwepo bado, utaniuliza kwa nini wasiseme. Walisema, lakini vibaya. Walisema Namkunda alianzisha kamstari kamoja ka kubebea mawe, na Naetwe, yaani mimi, kwa akili yake ya shule ndiye aliyekafanya wimbo. Maneno hayo yalifika masikioni mwangu, nikayaacha yapite, maana yalinifaa. Sasa hata wao hawapo.

Na katika miaka yote hiyo alikuwa rafiki yangu. Nikijifungua alikuja na chungu cha makande na kuni kichwani. Mume wangu alipokufa alihamia kwangu akalala sakafuni pembeni ya kitanda changu mpaka nilipoweza kuinuka nikapika. Alikuwa akiniombea kwa jina, kwa sauti, mimi nikiwa nasikia, na mambo aliyoniombea yalikuwa ya kweli, miguu yangu, wanangu, kiburi changu. Ndiyo, kiburi alikitaja. Wimbo hakuutaja.

Mara moja tu aliutaja. Tulikuwa tumeshazeeka wote wawili, tumeshuka Same hospitali kupima presha, na kwenye foleni simu ya mtu ikalia kwa wimbo ule. Dada mwenye simu aliponitambua akanipa hongera, akaniuliza huwa natungaje. Nikamjibu! Nikampa maelezo! Namkunda amekaa karibu yangu, kadi yake ya kliniki mkononi. Yule dada alipoondoka, Namkunda akasema, bila kunigeukia, "Naetwe, mimi sitakusemea. Neno hilo ni lako kulisema." Nikamwambia mavuno yajayo nitasimama kanisani. Akasema, "Haya." Mavuno yakaja na askofu akaja, nikaona si vizuri kuharibu sherehe ya watu. Mavuno ya pili mafua yalinikamata. Mafua, mwanangu! Kabla ya mavuno ya tatu Namkunda alianguka shambani kwake kwenye tangawizi, na hakuzungumza tena.

Mazishi ulikuwepo, lakini ulikuwa na kwaya kule nyuma, labda hukuona vizuri. Nikuambie mimi nilivyoyaona kutoka kiti cha mbele. Wasifu wa marehemu ulisomwa. Alizaliwa, alibatizwa, aliolewa, ameacha watoto saba. Alikuwa mcheshi na mpenda watu, kama marehemu wote wa siku hizi. Alikuwa mwanakwaya. Neno moja hilo, mwanakwaya, kama mtu aliyevaa joho akapanga mstari basi. Kisha mwongoza ratiba akashika kipaza sauti akasema sasa kwaya itaimba Shika Ukingo, uliotungwa na Mama Naetwe, rafiki wa marehemu, tunaimba kumfariji mama yetu huyu katika majonzi yake. Umesikia hayo? Wimbo wa maiti pale kwenye jeneza, wananipa mimi mwizi wake kama pole.

Nikainuka. Magoti haya unayajua, lakini niliinuka. Nikanyang'anya kile kipaza sauti. Nikasema, "Wimbo huu si wangu. Ni wa huyu aliyelala hapa. Aliutunga wote, beti zote na sauti zote, mimi niliandika tu, nikaweka jina langu, nikakaa kimya." Nilisema hivyo hivyo, bila kupamba.

Unajua kilichofuata. Mchungaji alisimama, machozi yanamlengalenga, akasema, "Wapendwa, mmeuona unyenyekevu? Mama anampenda rafiki yake hata anampa wimbo wake mwenyewe aondoke nao." Watu wakapiga makofi. Walinipigia makofi, mwanangu! Nikapaza sauti, "Si unyenyekevu, niliiba!" Eliya akanishika mkono, akaniambia, "Pole, bibi. Kaa, bibi, ni uchungu huo. Tuna ratiba." Nikaketishwa, nikapewa chupa ya maji. Mkaimba. Mliimba vizuri, na hilo nalo liliniudhi.

Wiki moja baadaye wakaniletea video ya mazishi kwenye simu ya mjukuu. Nikatazama yote. Mahali niliposema hapapo. Naonekana nainuka, kisha naonekana nimekaa na chupa ya maji. Nikamwita Eliya. Akaja na heshima zake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Maneno yangu yako wapi?"

"Bibi, video ilikuwa ndefu sana, watu wanaishiwa bando. Nikaikata kidogo tu."

"Ukakata hapo?"

Akainamisha kichwa. "Bibi, usikasirike. Ungeonekana vibaya. Tunalinda heshima yako."

"Basi jina langu kwenye daftari la nyimbo lifuteni."

"Hilo mpaka kamati ikae, bibi. Na wakikaa watauliza ushahidi. Nani mwingine anajua?"

Hapo nikamwacha aende zake, mimi ambaye sinyimwi neno na mtu. Kwa sababu kijana yule, pamoja na ujinga wake wote, aliuliza swali la haki. Nani mwingine anajua? Alikuwepo mmoja. Zaidi ya miaka hamsini shahidi wangu alikaa nami benchi moja, akala nami chungu kimoja. Ningesimama Jumapili yoyote, moja tu katika hizo zote, nikasema, watu wangemgeukia, naye angeitikia kwa kichwa, ndiyo, na ingekuwa imekwisha. Sasa nasema kila siku. Nasema sokoni, nasema kwenye vikoba, nimemwambia hata mkuu wa jimbo. Na kadiri ninavyosema ndivyo wanavyonisifu. Wamesema watanipa cheti.

Basi nasaha yangu ni hii, na usiipambe ukiwaambia wenzio. Ukichukua kitu cha mwenzio, hata kama ni sifa tu, hata kama ulipewa na wakubwa na hukuiomba, mrudishie angali yupo, mbele ya watu wale wale waliokupa. Usingoje siku nzuri. Usijiambie yeye ni mtu wa imani, hajali. Namkunda alijali. Alinisamehe, hilo nalijua, lakini kusamehewa hakukurudisha jina lake mahali pake. Na ukiona mwenzio anawekwa benchi la nyuma kwa kosa ambalo aliyemshtaki amelila kwenye jani la mgomba, fungua kinywa siku hiyo hiyo. Wakikuita huna adabu, waitike. Na marehemu mwingine atakapopangiwa wasifu hapa usharikani, kaa na wanaouandika, uwaulize alikuwa akiimba nini, alimwombea nani, nani alikuwa rafiki yake. Wasipojua, watafute anayejua kabla hawajaandika mpenda watu.

Sikutumi ukapigane na kamati. Wewe una sauti na una miaka, mimi miaka yangu imebaki michache. Kila mtakaposimama kuimba ule wimbo, kabla ya nota ya kwanza, litaje jina lake kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni. Namkunda. Wakikunyamazisha, litaje tena Jumapili ya pili.

Sogea nikuwekee mkono kichwani. Mungu akubariki, mwanangu. Akutunzie koo lako, akupe rafiki mkweli kama niliyekuwa naye mimi, na akupe ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Na siku utakayoshika kisicho chako, akunyime usingizi na akunyime raha ya chakula mpaka umrudishie mwenyewe mkononi, yu hai, anakutazama. Amina. Haya, nenda mazoezini, utachelewa.